Shraddha: jinsi Wahindu wanavyowalisha wazee waliotangulia

Kila mwaka, kati ya Septemba na Oktoba, Wahindu huingia katika siku kumi na sita ambazo hawafungi ndoa, hawahamii nyumba mpya na hawanunui gari. Kwa Kisanskriti siku hizo huitwa Pitru Paksha, nusu-mwezi ya mababu. Wagujarati wa Nairobi, Mombasa na Dar es Salaam husema tu "shraadh". Jirani akiuliza kinachoendelea hujibiwa kwa mkato kwamba wanawakumbuka marehemu wao, na jibu hilo fupi ndilo linalozaa mkanganyiko. Chini ya jina la shraddha kuna kazi kadhaa, kila moja na wakati wake, vifaa vyake na shabaha yake. Kuna ya kumfanya aliyekufa juzi awe mzee wa ukoo. Kuna ya kuwapa maji waliokwisha kuwa wazee. Kuna ya kuwalisha ikifika siku yao. Na kuna ya kufunga safari hadi mahali patakatifu kama Gaya, India, ili kuwavusha. Asiyezitenganisha atauliza, na wengi huuliza, mbona baba alimaliziwa kila kitu siku ya kumi na tatu na bado anadai chakula mwezi wa tisa.

Kanuni mbili zikishikwa, mengine hufuata yenyewe. Ya kwanza ni kwamba ukoo huhesabiwa kwa vizazi vitatu, yaani baba, babu na baba wa babu, na kila anayeingia kwenye ngazi hiyo humsukuma aliye juu kabisa atoke. Ya pili ni kwamba karibu kila kinachofanyiwa miungu hugeuzwa kinapofanyiwa mababu: mwelekeo, bega, goti, sehemu ya mkono, hata neno la kuhitimisha.

Kutoka marehemu hadi mzee

Mtu akifa hawi mzee wa ukoo, pitri, papo hapo. Huwa kwanza preta, aliyeondoka: hana mwili, ana njaa na kiu, na hajaiacha nyumba. Kwa siku kumi mwana humtolea pinda moja kila siku, yaani donge la wali au la unga wa shayiri, pamoja na maji yenye ufuta. Garuda Purana, kitabu kitakatifu cha kale, inaeleza kwamba madonge hayo humjengea mwili wa safari. La kwanza ni kichwa, la pili shingo na mabega, la tatu moyo, na hivyo kuteremka hadi la tisa, ambalo ni miguu. La kumi ni njaa na kiu. Hilo la mwisho huwashangaza watu, lakini mwili usioona njaa usingekuwa na haja ya chochote kinachofuata.

Siku ya kumi na moja hufanywa shraddha ya mtu mmoja, ekoddishta: pinda moja, jina moja, wala miungu haialikwi. Siku ya kumi na mbili ndiyo kiini cha yote, sapindikarana. Mbele ya mwana huwekwa donge moja refu, la marehemu, na mengine matatu ya duara: la baba wa marehemu, la babu yake na la baba wa babu yake. Mwana hulikata lile refu vipande vitatu vilivyo sawa, kisha hukandia kila kipande ndani ya donge moja la duara mpaka mshono usionekane. Maji ya kikombe cha marehemu nayo hugawanywa katika vikombe vya wale watatu. Tangu hapo neno preta halitajwi tena juu yake. Amekuwa kizazi cha kwanza, anayehesabiwa pamoja na Vasu, kundi la kwanza kati ya makundi matatu ya miungu. Baba yake amepanda kwa Rudra na babu yake kwa Aditya. Baba wa babu yake ametoka kwenye ngazi ya madonge, ameingia kundi la wale watatu wa juu zaidi ambao hupata tu mabaki ya wali yaliyoganda kiganjani, mwana anapoufuta mkono wake kwenye mashina ya nyasi. Hesabu watatu wa madonge, watatu wa mabaki, na mwenye kutoa mwenyewe: saba. Hao ndio wanaoitwa sapinda, ndugu wa donge moja, na ndio msingi wa sheria za kale za urithi na za nani asiolewe na nani.

Zamani kazi hii ilingoja mwaka mzima, kwa kuwa safari ya kwenda kwa Yama, mungu wa wafu, ilihesabiwa mwaka, na shraddha kumi na sita zilitolewa njiani. Maandiko yenyewe yaliruhusu kuifupisha hadi siku ya kumi na mbili, kwani uhai hauna dhamana na nyumba haiwezi kukaa mwaka mzima bila harusi. Kwa hiyo kilichokuwa kimemalizika kufikia siku ya kumi na tatu ni kumwingiza marehemu kwenye ukoo. Kumlisha akiwa ndani ya ukoo ndiko kunakoanza.

Hapa kuna kosa linalotokea mara nyingi: marehemu akiwa kijana na baba yake yungali hai. Jina la aliye hai haliingizwi kwenye madonge hata kidogo. Anarukwa, na marehemu huunganishwa na babu na walio juu yake. Vivyo hivyo, kwa desturi ya nyumba nyingi, mtu ambaye baba yake yu hai hawamiminii mababu maji. Hiyo ni kazi ya baba.

Maji, na kanuni ya kugeuza

Tarpana, kumimina maji, ndiyo ibada nyepesi kuliko zote, na ndiyo inayoonyesha kanuni ya pili waziwazi. Vinahitajika chombo cha shaba chenye maji safi, sinia pana la kuyapokea, vijiko viwili vya chai vya ufuta mweusi, punje za mchele na za shayiri, na nyasi za kusha. Pete ya kusha huvaliwa kidole cha pete cha mkono wa kulia.

Huanza miungu. Mtu huelekea mashariki, uzi mtakatifu, janoi, ukiwa bega la kushoto kama kawaida, goti la kulia chini. Maji yenye mchele hutiririka kupitia ncha za vidole, mara moja kwa kila jina. Hufuata Sanaka na wenzake, binadamu wa kale wenye hekima: uso kaskazini, uzi shingoni kama shada la maua, maji yenye shayiri yakitokea upande wa kidole cha mwisho, mara mbili. Mwisho ni mababu. Uso kusini, upande wa Yama. Uzi unahamia bega la kulia. Goti la kushoto linashuka. Maji yenye ufuta mweusi yanamwagika kati ya kidole gumba na cha shahada, mara tatu kwa kila mtu. Hutajwa uhusiano, jina na ukoo, yaani gotra, na asiyeijua gotra yake hutumia Kashyapa. Miungu hupewa kwa neno *svaha*, mababu kwa *svadha*. Asiyevaa uzi, na familia nyingi za wafanyabiashara wa Kigujarati hawauvai, hutumia kitambaa cha begani na kukihamisha vilevile.

Yanayoharibika hapa ni madogo na yanajulikana. Mkono uliozoea kumiminia miungu huteleza na kumwaga kwa ncha za vidole. Uzi husahaulika bega la kulia ibada ikiisha, na mtu akaenda nao hivyo mbele ya miungu. Nyasi hukatwa ncha ili ziingie vizuri kwenye sinia, ilhali kusha bila ncha haifai: ncha ndizo zinazoelekezwa mashariki kwa miungu na kusini kwa mababu. Ufuta nao huleta shida kwetu, kwa sababu ule unaolimwa kwa wingi Lindi na Mtwara ni mweupe. Mweusi, wenye ganda lake, hutafutwa kwenye maduka ya viungo vya Kihindi, na ni vizuri kuununua mapema, kwani wiki ya kwanza ya Pitru Paksha kila mtu anaukumbuka. Maji ya sinia hayamwagwi kwenye sinki. Huenda kwenye mti, mto au bahari.

Siku ya kulisha

Shraddha yenyewe hufanywa mchana. Asubuhi ni ya miungu, usiku umekatazwa. Mchana wote, kuanzia jua kuchomoza hadi kuzama, hugawanywa muhurta kumi na tano, na ya nane, kutapa, ndiyo bora ya kuanzia. Sisi tulio karibu na Ikweta tuna bahati, maana mchana wetu ni wa saa kumi na mbili hivi mwaka mzima, na muhurta haiachi sana dakika 48. Mwishoni mwa Septemba, Nairobi, kutapa huangukia takriban saa 6:00 hadi 6:50 mchana. Baada ya hapo huja aparahna, sehemu ya nne kati ya tano za mchana, kama saa 7:35 hadi saa 10:00, na ndani yake pinda hutolewa.

Manu, mtunga sheria wa kale wa Kihindu, anataja vitu vitatu vinavyoitakasa shraddha: mwana wa binti, saa ya kutapa, na ufuta. Na vitatu vinavyosifiwa ndani yake: usafi, kutokuwa na hasira, na kutokuwa na haraka. Msomaji aliyewahi kuwa jikoni siku hiyo, ndugu wamejaa na simu inalia, ataona kwa nini hasira na haraka vimetajwa kwa jina.

Wageni wawe wachache. Hesabu ya Manu ni wawili kwa ajili ya miungu na watatu kwa ajili ya mababu, au mmoja kwa mmoja. Hata tajiri asizidishe, kwani kundi kubwa huharibu ukarimu, mahali, wakati, usafi na ubora wa walioalikwa. Anakataza pia kuigeuza shraddha kuwa karamu ya kujipatia marafiki. Miungu inayoalikwa, Vishvedeva, hukaribishwa kwanza na kuagwa mwisho: wao ni walinzi, na mlinzi haondoki kabla ya anayelindwa. Palipo na Wabrahmani, watu wa tabaka la makuhani, wachache, kama miji mingi ya Afrika Mashariki ambako maharaj, yaani kuhani, mmoja huzunguka nyumba kadhaa kwa siku, kuna njia mbili zilizokubalika. Unaweza kuweka kifungu cha kusha kilichofungwa kwa umbo la mtu kwenye kiti cha mgeni, au utoe *sidhu*, posho ya vyakula vibichi: unga, mchele, choroko, samli, sukari, mboga na kitu kidogo cha fedha.

Kwa pinda, kikombe kimoja cha mchele, kama gramu 200, kinatosha madonge sita ya ukubwa wa yai: matatu ya upande wa baba na matatu ya upande wa mama kwa wanaoyatoa yote mawili. Wali hupikwa bila chumvi na maji yakizidi kidogo. Ukipoa kiasi cha kushikika, hutiwa kijiko kimoja cha samli, kimoja cha asali, vijiko viwili vya maziwa na kijiko cha ufuta mweusi, ukakandwa. Madonge yakipasuka, chanzo mara nyingi ni mchele: basmati ya punje ndefu haishikani hata uikande vipi, mchele wa punje fupi hushika. Yakilegea na kutambaa, maziwa au asali vimezidi, au vimetiwa wali ukiwa wa moto sana. Kila donge huwekwa juu ya kusha iliyolazwa ncha kusini, kwa upande wa kidole gumba na cha shahada, kisha mwana huinusa harufu yake bila kula. Baadaye hupewa ng'ombe au kutiwa majini. Donge la katikati, la babu, lina mwanya wake: Manu anamruhusu mke anayetamani mtoto wa kiume kulila.

Chakula cha nyumbani ndicho kinachobeba tofauti za mikoa. Wagujarati hawapitishi siku hii bila *dudhpak* na puri: lita mbili za maziwa zikichemshwa taratibu hadi zipungue, kiganja cha mchele, sukari na iliki. Hakuna kuonja kabla ya kutolewa, na ndiyo maana mpishi mzoefu hupima sukari mapema badala ya kuamini ulimi. Vitunguu, vitunguu saumu, biringanya, adesi nyekundu na dengu havipikwi. Sufuria za chuma huwekwa kando. Shaba, fedha au majani hupendelewa.

Kabla ya watu kula, hutengwa mafungu matano: la ng'ombe, la mbwa, la kunguru, la miungu na la sisimizi. Kunguru, ndege wa Yama, ndiye anayesubiriwa. Fungu lake, *kagvas* kwa Kigujarati, huwekwa juu ya paa au ukuta wa uani, na akilichukua upesi nyumba hufurahi. Kwa Mwambao hapana shida ya kumpata. Kunguru wa India aliletwa Zanzibar miaka ya 1890 ili ale taka, akaenea pwani yote, akawa balaa kwa ndege wengine na vifaranga, kiasi kwamba mwaka 2024 Kenya ilitangaza mpango wa kuwaangamiza milioni moja. Mjumbe wa mababu na mharibifu wa mazingira katika manyoya yale yale.

Siku ni ipi hasa?

Kama kuna jambo moja linalopotosha shraddha kuliko mengine yote, ni tarehe. Mantra, maneno ya ibada, ikikosewa, kuhani yupo. Siku ikikosewa, hakuna anayegundua.

Shraddha haifuati tarehe ya cheti cha kifo. Hufuata tithi, siku ya mwezi mwandamo. Tithi ni muda ambao mwezi huchukua kuliacha jua kwa nyuzi 12, na kwa kuwa mwendo wa mwezi haulingani, tithi moja inaweza kuwa ya saa 19 na nyingine ya saa 26. Inaanza na kwisha saa yoyote, hata katikati ya usiku. Kwa hiyo kinachotakiwa kuandikwa mtu anapofariki ni saa na mji, pamoja na tarehe. Aliyefia London saa tano usiku na aliyefia Rajkot alfajiri ya tarehe inayofuata wanaweza kuwa na tithi moja.

Shraddha ya mwaka, ile ya kumbukumbu ya kifo, hufanywa mwezi uleule, nusu ileile na tithi ileile. Katika Pitru Paksha nusu haijalishi: aliyefariki siku ya tano ya mwezi unaokua au unaopungua, wote hulishwa siku ya tano ya hiyo nusu-mwezi. Hapo ndipo familia moja inapata siku mbili kwa mwaka, na zote mbili ni sahihi.

Kuna mtego wa majina ya miezi. Kalenda ya Gujarat na Maharashtra humaliza mwezi kwa mwezi kuandama. Ya kaskazini mwa India humaliza kwa mwezi mpevu. Nusu inayopungua, kwa hiyo, ina majina mawili: siku zilezile za Pitru Paksha ni Bhadarvo kwa Mgujarati na Ashvin kwa mtu wa Varanasi. Ukichukua jina la mwezi kwa babu Mgujarati ukalitafuta kwenye kalenda ya Kihindi iliyochapishwa kaskazini, unaweza kuwahi mwezi mzima.

Mtego mwingine ni wetu kabisa tunaotumia kalenda za kutoka India. Tithi hubadilika wakati mmoja duniani kote, lakini kila mji una mchana wake, na shraddha huchukua siku ambayo tithi inaishika aparahna ya pale ulipo. Tuseme tithi inaanza Jumatatu saa 10 jioni kwa saa za India na kwisha Jumanne saa 10 jioni. Kule, aparahna ya Jumatatu imekwisha kabla tithi haijaingia, hivyo shraddha ni Jumanne. Nairobi iko nyuma kwa saa mbili na nusu: tithi inaanza Jumatatu saa 7:30 mchana, inaishika aparahna yote, na Jumanne inakwisha saa 7:30, aparahna haijaanza. Shraddha ni Jumatatu. Kalenda ya India haina kosa. Imehesabiwa kwa ajili ya India tu. Tafuta iliyohesabiwa kwa mji wako.

Wapo wenye siku zao maalumu. Siku ya tano ni ya waliofariki kabla ya kuoa au kuolewa, ya tisa ni ya wanawake waliowatangulia waume zao, ya kumi na mbili ni ya waliojitenga na dunia, na ya kumi na nne ni ya waliouawa au kufa kwa ajali. Siku ya mwisho, mwezi ukiwa gizani, ni ya wote ambao tithi yao haijulikani, na pia ya wale waliofariki kifo cha kawaida siku ya kumi na nne. Mwaka 2025 nusu-mwezi hii ilianza tarehe 7 Septemba ikaisha tarehe 21, na kesho yake, kama miaka mingi, Navratri, sikukuu ya usiku tisa, ikaingia na ngoma zake.

Gaya kwa baba, Siddhpur kwa mama

Gaya, katika jimbo la Bihar, ndiko kila Mhindu anayeweza hutamani kuwapelekea mababu madonge. Mahali pakuu ni patatu: mto Falgu, hekalu la Vishnupad, na mti Akshayavat. Ndani ya hekalu, lililojengwa upya mwaka 1787 na malkia Ahilyabai Holkar, kuna jiwe lenye unyayo unaoaminiwa kuwa wa mungu Vishnu, na pinda huwekwa juu yake. Hadi bwawa lilipojengwa karibu na hekalu mwaka 2022, Falgu kwa sehemu kubwa ya mwaka ilikuwa mchanga mtupu. Maji yalipita chini, watu walichimba kwa mkono. Simulizi ya huko husema Sita, mke wa Rama, akiwa hana chakula, alimtolea baba mkwe wake Dasharatha pinda ya mchanga, Rama aliporudi mto ukakana kuwa shahidi, na Sita akaulaani uwe wa chini ya ardhi. Kilima cha Pretshila ni cha waliokufa kabla ya wakati wao. Chini ya Akshayavat mtu huacha kwa maisha yake yote tunda moja analolipenda.

Makuhani wa huko, Wagayawal, hutunza madaftari ya koo: nani alikuja, kutoka kijiji gani, akiwaleta wazee gani. Mtu aliyezaliwa Arusha anaweza kukuta humo saini ya baba wa babu yake. Ukienda, nenda na jina la kijiji cha asili na la ukoo. Bila hayo daftari halifunguki.

Wengi hudhani kwamba baada ya Gaya hakuna tena shraddha ya mwaka. Makuhani wengi hukataa: Gaya huvusha, haifuti siku ya chakula.

Katika Gaya kuna sehemu moja inayostahili kutazamwa kwa karibu, madonge kumi na sita ya mama. Kila moja lina ubeti, na kila ubeti hutaja taabu moja: mimba aliyoibeba kwenye njia ya mabonde na milima, mateke ya mtoto tumboni, nguo zilizoloweshwa na mkojo usiku, kilio chake mtoto alipougua. Baada ya kila taabu hutajwa kwamba donge hili latolewa ili kulilipa hilo. Watu wazima waliokuja na kamera huiweka chini kabla ya kufika la nane. Gujarat ina mahali pake pa mama peke yake: Siddhpur, kwenye ziwa la Bindu Sarovar, ambako Kapila, mwenye hekima wa kale, anaaminiwa kumwonyesha mama yake Devahuti njia ya ukombozi. Huitwa Matru Gaya, na kwa familia za Afrika Mashariki zenye asili ya Saurashtra au Kutch ni karibu zaidi kuliko Bihar.

Je, chakula kinamfikia?

Swali hili ni la kale kuliko mahekalu yote yaliyotajwa hapo juu. Nyimbo za Rigveda, kitabu cha kale kabisa cha Kihindu, zinawaona mababu wakikaa pamoja na Yama, wakialikwa waje wakae kwenye nyasi. Fundisho la kuzaliwa upya lilikuja baadaye, na mawili haya hayakai pamoja kirahisi: babu akiwa amezaliwa tena, labda ni ng'ombe au ni mtoto wa jirani, donge linamfuata nani? Matsya Purana inajibu kwamba jina, gotra na mantra ndivyo vinavyobeba, na chakula hugeuka kulingana na hali ya mpokeaji: kwa aliyekuwa mungu huwa amrita, kinywaji cha kutokufa, kwa aliyekuwa mnyama huwa majani. Kama ndama anavyompata mamaye katikati ya kundi, ndivyo sadaka inavyompata mwenyewe.

Wacharvaka, wapinzani wa dini wa India ya kale, walicheka. Kama chakula cha hapa kinawashibisha walio mbinguni, walisema, basi mpeni aliye gorofani kwa kuweka sahani chini, na msafiri asibebe masurufu. Mwaka 1875 Dayananda Saraswati alianzisha Arya Samaj na kufundisha kwamba shraddha ya kweli ni kuwahudumia wazazi wakiwa hai. Jumuiya hiyo ilifika Nairobi mwaka 1903, na ndiyo sababu wapo Wahindu wa Kenya ambao Septemba hupita kwao kama mwezi mwingine.

Ukisoma vitabu vya ibada vyenyewe, unaona vinajali sana namna ya kutoa kuliko njia ambayo chakula husafiri. Mahabharata, utenzi mkuu wa kale wa India, ina kisa cha shujaa Bhishma akimfanyia baba yake Shantanu shraddha huko Gangadvara. Mkono wenye bangili ukachomoza kutoka ardhini kulipokea donge. Bhishma akautambua, akafurahi, kisha akaliweka donge juu ya kusha, kwa sababu maandiko yanasema pinda huwekwa kwenye nyasi na hayasemi mkononi. Baba akasifu. Kitabu hicho hicho kinasimulia kwa utani mababu waliovimbiwa kwa wingi wa shraddha, wakaenda kulalamika kwa Soma, mungu wa mwezi, kisha kwa Brahma muumba, mpaka Agni, mungu wa moto, akakubali kula nao.

Msingi wa imani ni deni. Mtu huzaliwa na madeni matatu: kwa miungu, hulipwa kwa kafara, kwa wenye hekima, hulipwa kwa kusoma, kwa mababu, hulipwa kwa kuzaa na kuendeleza. Ndiyo hofu ya shujaa Arjuna mwanzoni mwa Bhagavad Gita: ukoo ukiangamia vitani, mababu wataanguka kwa kukosa madonge na maji. Deni hili halimaanishi kwamba marehemu ana chuki. Biashara ya siku hizi ya kuwatia watu hofu ya "laana ya mababu", halafu kuwauzia kafara za bei mbaya, inaishi kwa kuchanganya mawili hayo.

Anayelipa zamani alikuwa mwana wa kwanza, akikosekana mwana mwingine, mjukuu, ndugu, na hata mke. Leo mabinti wanatoa madonge Gaya na Nairobi, wengine kwa baraka za makuhani na wengine kwa kutafuta kuhani atakayekubali.

Kuhusu gharama, Vishnu Purana inateremka hatua kwa hatua. Mwenye uwezo alishe na atoe. Asiyeweza atoe nafaka mbichi. Akishindwa, ufuta punje saba au nane pamoja na maji. Akikosa ufuta, kiganja cha majani kwa ng'ombe. Na asiye na hata hayo aende porini, anyanyue mikono na kuwaambia mababu kwamba hana mali, ana unyenyekevu tu, na washibe kwa huo. Hatua hizo zote huitwa shraddha, na maharaj anayejua kazi yake atazitaja bila kuulizwa.